Mtaalamu akisema damu inalingana, mzee wa baraza ana la kubisha?

#1 Mzee wa Makole

Habari zenu, wanajukwaa.

Mwaka 1993 niliitwa kuwa mzee wa baraza katika kesi ya mauaji iliyosikilizwa katika wilaya moja ya huku kanda ya kati. Tulikuwa watatu: mimi, mwalimu wa kike aliyekuwa karibu kustaafu, na mfanyabiashara wa ng'ombe. Kijana alishtakiwa kwamba alimuua jirani yake kwa panga kutokana na ugomvi wa mpaka wa shamba. Hapakuwa na mtu aliyeliona tendo lenyewe. Kilichokuwapo ni ugomvi uliojulikana na kijiji kizima, pamoja na shati la mshtakiwa lenye madoa ya damu. Kijana alijitetea kwamba damu ile ilikuwa yake mwenyewe, kwa kuwa siku mbili kabla alijikata alipokuwa akichonga mpini wa jembe, na kovu alituonyesha. Kisha ikasomwa ripoti ya maabara: damu iliyo kwenye shati ni ya binadamu, kundi O, damu ya marehemu nayo ni kundi O. Aliyeiandika hakufika. Ilisomwa karatasi, na tulipoulizwa maoni yetu sote watatu tulisema ana hatia. Jaji naye akaona hivyo hivyo, akatamka adhabu ya kunyongwa mpaka kufa.

Mwaka jana binti yangu alikwenda kuchangia damu, akarudi na kadi iliyoandikwa kundi O. Mke wangu ni O, nami ni O. Nilikaa na kadi ile mkononi kwa muda mrefu, kwa sababu ndipo nilipotambua kwamba katika kesi ile hakuna aliyeuliza mahakamani damu ya mshtakiwa mwenyewe ilikuwa ya kundi gani.

Ninawauliza wenye ujuzi: mtaalamu akisema jambo, mtu wa kawaida aliyeketishwa pale kutoa maoni ana uwezo wowote wa kubisha? Na watu wanaohukumiwa kimakosa, kosa huanzia wapi hasa?

#2 Wakili wa Area C

Shikamoo, mzee.

Nianze kwa kukupunguzia mzigo kidogo. Maoni ya wazee wa baraza hayakuwa yakimfunga jaji. Aliweza kuyakubali au kuyakataa kwa kutoa sababu. Vivyo hivyo maoni ya mtaalamu. Sheria ya Ushahidi inayaita maoni, nayo mahakama haifungwi nayo, ingawa nakiri kwamba katika utendaji ni majaji wachache wanaoikataa karatasi yenye mhuri wa maabara. Kilichokuwa kizito zaidi ni adhabu. Kwa kosa la kuua kwa kukusudia, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji nafasi ya kupima: akishamtia mtu hatiani, adhabu ni moja. Mjamzito hufungwa maisha, na aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa hanyongwi. Wengine wote, aliyepanga mauaji kwa miezi na aliyechomoa kisu katika ugomvi wa kilabuni, hupata tamko lile lile.

#3 Mkulima wa Zabibu

Mzee, hayo yalikuwa mambo ya zamani. Siku hizi kuna vinasaba, na vinasaba havidanganyi. Makosa ya mwaka 1993 hayawezi kutokea leo.

#4 Fundi wa Maabara

Mkulima, ninafanya kazi ya maabara, ingawa ni ya hospitali na si ya jinai, na sentensi yako ndiyo inayonitia hofu kuliko yote yaliyoandikwa hapa.

Kwanza kuhusu kundi la damu. Hapa kwetu karibu nusu ya watu ni kundi O. Kwa hiyo ripoti ile, hata kama ilifanywa kwa uaminifu mkubwa, ilisema tu kwamba damu ya shati ingeweza kutoka kwa marehemu au kwa karibu nusu ya watu waliokuwa ndani ya chumba cha mahakama. Kipimo cha makundi kina nguvu ya kumtoa mtu: kama shati lingekuwa na kundi B, damu ile isingekuwa ya marehemu. Nguvu ya kumwingiza mtu mmoja na kuwaacha wengine haina. Karatasi haikudanganya, mzee. Waliosikia neno "inalingana" ndio waliolisikia kama "ni yake".

Pili kuhusu vinasaba. Ujerumani polisi walimsaka kwa miaka mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilikutwa katika mauaji, wizi na uvunjaji wa nyumba katika miji mbalimbali, na mojawapo ya mauaji hayo yalikuwa ya askari wa kike aliyepigwa risasi Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikagundulika kwamba mhalifu huyo hakuwapo. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba vilivyotumiwa kuchukulia sampuli. Mashine ilisoma sawasawa kabisa. Kijiti ndicho kilichokuja na mtu wake.

#5 Mkulima wa Zabibu

Nimekubali kwa shingo upande. Lakini hata huko walimgundua mwishoni.

#6 Zimamoto Mstaafu

Waligundua kwa sababu hakuna mshtakiwa aliyekuwa amekwisha kunyongwa. Mimi nilizima moto kwa zaidi ya miaka ishirini, na kesi inayonikosesha usingizi ni ya Cameron Todd Willingham wa Corsicana, Texas. Nyumba yake iliungua tarehe 23 Desemba 1991 na binti zake watatu walikufa. Wachunguzi walisema moto uliwashwa kwa makusudi. Waliona vioo vya dirisha vyenye nyufa nyingi kama utando wa buibui, wakasema hiyo ni alama ya moto uliochochewa kwa mafuta. Waliona mabaka yaliyoungua sakafuni, wakasema ndipo mafuta yalipomwagwa.

Nasi wenyewe tulifundishwa hayo na wakubwa wetu kazini, nao walifundishwa na waliowatangulia, na hakuna aliyewahi kuwasha chumba na kuangalia. Walipokuja kufanya majaribio ilionekana kwamba kioo kilichopata moto hupata nyufa zile kinapomwagiwa maji baridi, yaani na sisi wenyewe wazimaji. Na chumba kikifikia joto la kuwaka chote kwa mkupuo, sakafu huungua mabaka mabaka bila tone la mafuta. Mwanakemia Gerald Hurst aliyaandika haya katika ripoti iliyofikishwa kwa wakubwa wa jimbo kabla ya siku ya adhabu. Willingham aliuawa kwa sindano tarehe 17 Februari 2004. Mwaka huo huo, katika jimbo hilo hilo, Ernest Willis aliyehukumiwa kifo kwa ushahidi wa moto wa namna ile ile aliachiwa huru.

Ndiyo maana simlaumu mzee. Wale hawakuwa waongo. Walikuwa na uhakika, na uhakika ule waliurithi.

#7 Mwanafunzi wa UDOM

Niongeze kwenye #6. Mwaka 2015 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilikiri kwamba wataalamu wake wa kulinganisha nywele kwa hadubini walitoa kauli zenye makosa katika zaidi ya tisa ya kila kesi kumi zilizokuwa zimepitiwa. Miongoni mwa kesi hizo zilikuwamo za watu waliohukumiwa kifo, na 9 kati yao walikuwa wamekwisha kuuawa. Santae Tribble wa Washington alikaa kifungoni miaka 28. Nywele zilizomfunga zilipopimwa vinasaba hakuna hata mmoja uliokuwa wake, na mmoja ulikuwa wa mbwa.

#8 Mkulima wa Zabibu

Mbwa huyo alikuwa na wakili?

#9 Binti Kongwa

Mnacheka, na mnazungumzia hadubini na Texas kana kwamba kila kesi hapa kwetu hupita maabara. Mjomba wangu alikaa mahabusu miaka sita kwa kesi ya mauaji, na ndani ya jalada lake hapakuwa na damu, nywele wala alama ya kidole. Kulikuwa na jirani mmoja aliyesema alimwona kwa mbalamwezi. Kesi ya mauaji haina dhamana, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili alipelekwa mahakamani, akaambiwa upelelezi haujakamilika, akarudishwa. Bibi aliuza mbuzi wote, kisha ng'ombe wawili, kwa nauli na chakula cha kumpelekea. Siku ya kusikilizwa shahidi aliulizwa alikuwa umbali gani, akasema kama kutoka hapa hadi kwenye ule mti wa nje, na mti wenyewe ulikuwa mbali kiasi kwamba watu waliguna. Aliachiwa. Hakuna aliyemwambia pole.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzee ni kwamba kosa huanzia machoni.

#10 Wakili wa Area C

Pole, dada. Mahakama ya Rufani ililisema hilo katika shauri la Waziri Amani, lililochapishwa mwaka 1980: ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu, na mahakama isimtie mtu hatiani kwa ushahidi huo mpaka iondoe kila uwezekano wa kukosea. Ndipo tunapouliza umbali, mwanga, muda ambao shahidi alimtazama mtu, na kama alimfahamu kabla. Kwa vielelezo kuna shauri la Paulo Maduka, linalotaka ijulikane kwa maandishi nani alikichukua kielelezo, alimkabidhi nani, na kilihifadhiwa wapi mpaka kikafika mahakamani. Mzee, je, ilielezwa shati lile lilikaa wapi kati ya kukamatwa kwa kijana na kupimwa?

#11 Mzee wa Makole

Askari alisema lilikuwa ndani ya mfuko wa rambo pamoja na panga.

#12 Fundi wa Maabara

Mfuko mmoja?

#13 Mzee wa Makole

Mmoja.

#14 Muuguzi Mstaafu

Nilihudumu katika afya ya akili, na niliwahudumia watu wengi waliotumwa na mahakama ili madaktari waseme kama walikuwa na akili timamu walipotenda wanayodaiwa kutenda. Kwa uzoefu wangu kosa halianzii machoni wala maabara, bali katika chumba cha mahojiano. Mtu aliyechoka, mwenye njaa, asiyejua kusoma, au mwenye ulemavu wa akili ambao familia yake huuita ukimya tu, hukubali lolote ili aachwe alale. Baada ya hapo maelezo ya onyo, yaani yale aliyoyaandikisha polisi, huongoza kila kitu. Shahidi akisikia kwamba mtu amekiri, kumbukumbu yake hukolea. Mtaalamu akisikia, naye huona kulingana ambako asingekuona. Someni habari za Iwao Hakamata wa Japani, aliyekaa gerezani miaka zaidi ya 50 akisubiri kunyongwa kwa sababu alikiri.

#15 Mwanafunzi wa UDOM

Mama, kwa heshima, nisahihishe kidogo. Alikamatwa mwaka 1966, akahukumiwa kifo mwaka 1968, na aliachiwa mwaka 2014 ili kesi isikilizwe upya. Kwa hiyo gerezani alikaa takribani miaka 48. Hukumu ya kumwondolea hatia ilitoka Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 88. Na hakufungwa kwa kukiri peke yake. Mwaka mmoja na zaidi baada ya mauaji, nguo zenye damu zilikutwa ndani ya pipa la kiwanda cha kuchachisha soya alikokuwa akifanya kazi. Suruali ilipojaribishwa haikumwenea. Baadaye wanasayansi walionyesha kwamba damu iliyokaa muda ule wote ndani ya mchanganyiko ule ingekuwa imepoteza wekundu wake, na mahakama ikasema ushahidi ulitengenezwa na wachunguzi.

#16 Muuguzi Mstaafu

Asante kwa kunisahihisha, mwanangu, lakini umeniongezea hoja. Nguo zilikuja baada ya kukiri, tena kumsaidia aliyekwisha kuamini.

#17 Mama Chilonwa

Nimesoma ukurasa wote na sijaona mtu aliyemtaja marehemu hata mmoja, isipokuwa kwa kundi lake la damu. Kaka yangu aliuawa mwaka 2011 akitoka mnadani, fedha za ng'ombe wanne zikachukuliwa. Aliyekamatwa aliachiwa kwa kuwa ushahidi haukutosha, na ninakutana naye sokoni. Ninyi mnaogopa kumnyonga asiye na hatia, na hofu hiyo ninaielewa. Nani anaogopa kwa ajili yetu? Kila shaka inayoongezwa humu inaondoka na haki ya mtu fulani aliyeko kaburini.

#18 Zimamoto Mstaafu

Pole sana, mama. Lakini asiye na hatia anyongwapo, mwenye hatia anabaki mtaani. London mwaka 1950 walimnyonga Timothy Evans kwa kifo cha binti yake mdogo, na shahidi mkubwa dhidi yake alikuwa jirani wa nyumba ile ile, John Christie. Miaka mitatu baadaye miili ya wanawake ilikutwa ndani ya nyumba ya Christie. Baada ya Evans kunyongwa, Christie alikuwa ameendelea kuua, hata mkewe mwenyewe. Evans alisamehewa mwaka 1966, na msamaha huo ulimkuta amekufa miaka 16 iliyopita.

#19 Mama Chilonwa

Nimekusikia, kaka. Mfano wako unaniambia kwamba walikosea mtu. Hauniambii nikikutana na yule sokoni nifanye nini.

#20 Bwana Shamba wa Bahi

Mimi ninaunga mkono adhabu ya kifo ibaki kwenye maandishi ya sheria, lakini sioni tunagombania nini, maana Tanzania hainyongi mtu. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1994. Mwaka 2017 hayati Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hatatia saini hati ya kunyonga mtu, na Desemba mwaka huo, katika sherehe za Uhuru hapa hapa Dodoma, wafungwa 61 waliokuwa wakisubiri kunyongwa walisamehewa. Sheria ipo kama kitisho. Hasara iko wapi?

#21 Wakili wa Area C

Bwana Shamba, hasara ni kwamba mtu anaamka kila asubuhi bila kujua rais ajaye atakuwa wa namna gani. Kutotia saini ni hiari ya mtu mmoja.

Na kwa kuwa tuko Dodoma, tusisahau kwamba hoja hii imewahi kupiganiwa na kushinda hapa hapa mjini, kwa muda mfupi. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Dodoma, katika shauri la Mbushuu, aliamua kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba, na moja ya sababu alizopima ni kwamba kosa likishatendeka kwa kamba halirekebishiki. Mwanzoni mwa mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Ajabu yake ni kwamba ilikubali kuwa adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, ila ikasema inaokolewa na Ibara ya 30(2) ya Katiba kwa maslahi ya umma. Baadaye, Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kunakiuka haki ya kuishi. Uganda waliliondoa sharti hilo kwa uamuzi wa mahakama mwaka 2009, na Kenya mwaka 2017.

#22 Bwana Shamba wa Bahi

Kwa hiyo ukiondoa sharti, jaji abaki na uchaguzi? Hapo nami ningekubali, ila kwa wale wa kukodiwa kuua uchaguzi ubaki kamba.

#23 Binti Kongwa

Mjomba wangu naye walisema alikodiwa.

#24 Mkulima wa Zabibu

Nimekaa kimya niwaze, jambo ambalo si kawaida yangu. Sisi tunapopotelewa na ng'ombe, mwenye mali huulizwa alama kabla hajaonyeshwa mnyama: pembe ipi imevunjika, sikio lipi limekatwa na kwa mkato gani, baka liko upande gani. Akishaonyeshwa kwanza, kila mtu anaweza kusema "huyu ndiye wangu". Inaonekana ng'ombe anapata utaratibu mzuri kuliko mshtakiwa.

#25 Fundi wa Maabara

Mkulima, umeieleza kwa sentensi mbili kanuni ambayo maabara nyingi zinasitasita kuifuata. Mpimaji asijue mshtakiwa ni nani wala kama amekiri, aandike anachokiona, ndipo aonyeshwe cha kulinganisha. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni ya Madrid, wataalamu wa alama za vidole wa FBI walisema alama iliyokutwa ni ya wakili mmoja wa Oregon, Brandon Mayfield, ingawa polisi wa Hispania waliwaambia kwamba hawaoni hivyo. Alikuwa Mwislamu, na jambo hilo baadaye lilionekana kuwa huenda liliwafanya wazito wa kurudia kuangalia upya. Wahispania wakampata mwenye alama yake, mtu mwingine kabisa.

#26 Wakili wa Area C

Nami nikiri la kwangu, kwa kuwa tumewalaumu mashahidi, askari na maabara, mawakili tukabaki wasafi. Katika miaka yangu ya mwanzo nilipangiwa na mahakama kumtetea mshtakiwa wa mauaji, nikakutana naye asubuhi ya siku ya kusikilizwa, tukazungumza nusu saa kupitia mkalimani kwa kuwa alijua Kigogo tu. Ripoti ya daktari ilipoletwa nilisema sina pingamizi. Sikuwa nimeielewa. Ukiniuliza kosa huanzia wapi, nitasema huanzia pale mtu anaposema "sina pingamizi" ili kikao kiendelee.

Mzee, lipo jambo sikulitaja katika #2, na ninaomba usilichukulie kama lawama. Sheria iliwaruhusu wazee wa baraza kumuuliza shahidi maswali kwa idhini ya mahakama. Mliwahi kuambiwa hivyo?

#27 Mzee wa Makole

Tuliambiwa. Jaji alitueleza siku ya kwanza, kwa Kiswahili kizuri.

Nilipoandika kwamba hakuna aliyeuliza mahakamani, niliandika kweli, ila sikuandika yote. Siku ripoti iliposomwa tulitoka kwa mapumziko ya mchana, tukaketi chini ya mwembe kula. Mwalimu aliniambia kwa sauti ya chini, "Na huyu kijana naye ni kundi gani?" Alikuwa anafundisha sayansi kimu, na miongoni mwetu yeye pekee ndiye aliyejua kwamba makundi yako manne tu. Alitaka kuuliza tukirudi ndani, lakini alisita, akanitazama mimi niliyekuwa mkubwa kwa umri. Nikamwambia, "Mwalimu, hayo waachie wataalamu." Tukarudi ndani. Hakuuliza. Maoni yalipoombwa, alisema kama nilivyosema mimi.

Rufaa ya kijana yule sikuifuatilia.

#28 Binti Kongwa

Mwalimu bado yupo?

#29 Mzee wa Makole

Yupo, anaishi Nkuhungu. Tunasali kanisa moja.

#30 Fundi wa Maabara

Mzee, namba ya kesi unaikumbuka?

#31 Mzee wa Makole

Ninayo kwenye karatasi ya posho. Jumatatu nitaipeleka masjala.